Mgeni kaniambia ndege wa bustanini yumo kwenye muziki wa Messiaen. Kuna anayemjua huyu mtunzi?

Dereva wa Usa

Wakuu, salaam. Mimi ni dereva-mwongozaji, makazi Usa River, karibu na Arusha. Wageni wangu wengi ni wa ndege, wale ambao darubini zao zina uzito kuliko begi la nguo. Wa simba nawaachia wenzangu.

Juzi nilikuwa na mzee mmoja Mfaransa na mkewe. Alfajiri, kabla hatujaondoka kwenda Momella, yule ndege wetu wa bustanini akaanza kuimba kwenye uzio. Mnamjua wote hata kama hamjui kuwa mnamjua: kichwa cheusi, nyusi nyeupe, kifua cha rangi ya chungwa, anaanza kwa sauti ya chini halafu anapandisha, anapandisha, mpaka usingizi unakatika. Vitabu vinamwita kurumbiza, kitaalamu Cossypha heuglini. Mgeni akaweka kikombe chini, akainua kidole, akasema, "Messiaen!" Nikageuka kuangalia nani anaitwa.

Kumbe ni mtunzi wa muziki. Akanionyesha kwenye simu: kuna kazi ndefu ya sehemu 12 inaitwa *Des canyons aux étoiles…*, yaani kutoka kwenye makorongo mpaka kwenye nyota, na sehemu ya 4 ina jina la ndege huyu huyu, *Le Cossyphe d'Heuglin*. Akanipa nisikilize. Piano peke yake. Nitasema ukweli: sikumsikia ndege. Nilimsikia mtu anayegombana na piano.

Sasa maswali yangu. Huyu Messiaen ni nani hasa? Ndege wa Usa River anafanya nini kwenye muziki wa makorongo ya Marekani? Na mbona hafanani? Naomba wanaojua, si wale wa kunakili na kubandika. Wageni wa aina hii huwa wanarudi, na wakirudi wanauliza.

---

Prodyuza Ngarenaro

Kaka, wametuchukulia hadi ndege. Tuwapigie COSOTA, watu wa hakimiliki, wamdai marehemu mirabaha, tumpelekee ndege mtama.

Ila kwa upande wangu hii ni sampuli ya kawaida tu. Unachukua sauti, unaikata, unaipiga juu ya kitu kingine. Huku studio tunafanya kila siku. Sioni ukuu wake.

---

Binti Shanty

Mimi sina jibu, nauliza tu hizo darubini mnanunua wapi Arusha na kwa bei gani.

---

Mzee wa Pedali

Binti, hilo fungulia uzi wake.

Mimi napiga kinanda kanisani hapa Moshi tangu ujana, na huyu Messiaen nimemfahamu kwa vidole kabla ya kumfahamu kwa vitabu. Nitakujibu, Dereva, lakini vumilia maana sijui kuandika kwa kifupi.

Olivier Messiaen alizaliwa Avignon, Ufaransa, tarehe 10 Desemba 1908. Mama yake, Cécile Sauvage, alikuwa mshairi. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyemtafsiri Shakespeare. Mwaka 1931, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisa la La Trinité, Paris. Hakukiachia mpaka kifo chake Aprili 1992. Miaka 60 na ushee kwenye benchi moja! Na wapo waumini waliolalamika kwamba anapiga mambo ya ajabu. Nawaelewa wote wawili, yeye na wao. Hapa kwetu ukigusa nota moja isiyozoeleka katikati ya tenzi, nusu ya wazee wa kanisa wanageuza shingo.

Hizo nota zake zina utaratibu, si kubahatisha. Mwenye kinanda nyumbani ajaribu hivi: anza C, panda nusu toni (kibonyezo kinachofuata), kisha toni nzima (ruka kimoja), kisha nusu, kisha nzima, hivyo hivyo mpaka urudi C ya juu. Utapata ngazi ya sauti 8 badala ya 7 tulizozoea. Sasa anza upya na nota inayofuata, C kali (sharp). Kisha D. Ukifika ya nne, E bapa (flat), unakuta unabonyeza zile zile za mwanzo. Ngazi ina sehemu 3 tu za kusimama, basi, mlango umefungwa. Alikuwa na ngazi 7 za namna hiyo, na alisema kila moja humletea rangi zake. Mtu huyu akisikia sauti aliona rangi. Na kwa sababu ya ngazi hizo, muziki wake hauna ile hali ya kwenda nyumbani ambayo kwaya zetu zinaipenda, ule mwisho unaokwambia keti sasa, tumefika. Unaning'inia. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wake ulipo, lakini simlazimishi mtu.

Tuje kwa ndege. Prodyuza, sampuli ni sauti yenyewe ya ndege. Huyu hakuweka sauti ya ndege. Alitoka usiku wa manane na kalamu ya risasi, karatasi ya muziki na darubini, akakaa kwenye umande akiandika nota papo hapo ndege anapoimba. Alikwenda kujifunza kwa Jacques Delamain, mtaalamu wa ndege, kama vile wewe Dereva ulivyojifunza kwa wakubwa wako. Baadaye mke wake wa pili, mpiga piano Yvonne Loriod, alikuwa akienda naye na kinasa sauti, lakini karatasi haikuachwa.

Na sababu ya kutofanana ni hii. Ndege anaimba haraka mno na juu mno, na anapita katikati ya nota: kati ya C na C kali yeye ana vituo vyake, piano haina. Basi Messiaen alifanya mambo matatu. Alipunguza mwendo. Alishusha sauti oktavu moja (yaani kutoka C hadi C ya chini yake), mbili, hata tatu. Na zile hatua ndogo ndogo za ndege alizitanua zote kwa kiwango kimoja, ili hatua iliyokuwa ndogo ibaki ndogo ikilinganishwa na kubwa. Ni kama ramani: Kilimanjaro kwenye karatasi haina baridi, lakini ukipima umbali wa Marangu na Machame, upo sawa.

Jambo la nne ndilo linalokufanya usikie ugomvi. Koo la ndege lina mkwaruzo, lina filimbi, lina kengele. Piano ina sauti moja tu ya piano. Kwa hiyo chini ya karibu kila nota ya wimbo aliweka fungu zima la nota nyingine, na fungu hubadilika nota kwa nota, ili kuchora ule mkwaruzo. Usisikilize kama wimbo wenye vinanda vinavyousindikiza. Sikiliza fungu zima kama koo moja.

Kuhusu makorongo. Kazi hiyo iliagizwa na Alice Tully, mama tajiri wa New York, kwa ajili ya miaka 200 ya taifa la Marekani. Messiaen hakuvutiwa na maghorofa. Akaenda Utah kutazama miamba myekundu ya Bryce Canyon na Zion, akasikiliza ndege wa huko, akarudi kuendelea kuandika; kazi nzima ilimchukua tangu 1971 hadi 1974. Ilipigwa mara ya kwanza New York tarehe 20 Novemba 1974, Loriod kwenye piano. Sasa ukisoma orodha ya sehemu zake utaona wapo ndege wa Marekani, wapo wa Hawaii, wapo wenye asili ya Asia, na huyo wako. Kazi inaanzia jangwani, inapita korongoni, inaishia mji wa mbinguni. Mtu aliyeamini kwamba ndege ndio wanamuziki wakubwa kuliko wote hapa duniani angewezaje kupanga kwaya ya mbinguni kwa kuangalia pasipoti? Alichagua waimbaji. Kurumbiza akapata nafasi yake, tena peke yake, bila okestra. Sijui wangapi kati yetu tungepewa.

---

Dereva wa Usa

Shikamoo mzee wangu. Sasa hili ndilo jibu. Hapo kwenye koo moja nimerudia kusikiliza nikiwa nimeegesha gari, na kidogo nimeanza kuelewa. Ule mwanzo wa chini kisha kupanda bado naona ndege wangu anaupanda vizuri kuliko piano. Lakini vile vipande vinavyorudiwa rudiwa kabla ya kuhamia kingine, hapo amemshika. Ndivyo anavyofanya.

Nimeona pia ana kazi nyingine ya piano, *Catalogue d'oiseaux*, vipande 13, alivyoandika 1956 hadi 1958. Nikapitia majina kwa jicho la kazi. Wakuu, nusu ya hao nawajua! Kipande cha pili ni *Le Loriot*, yule ndege wa manjano mwenye mabawa meusi. Huyo Ulaya anakaa miezi ya joto tu. Vuli ikianza huku kwetu naye anaingia, na Machi, Aprili unamwona tena akipita kurudi kwao. Cha 10 ni yule wa miamba, kichwa cha buluu na mkia wa kutu. Naye hushinda huku kipindi cha baridi ya kwao, mara nyingi namkuta njia ya Longido amesimama juu ya jiwe kama mlinzi. Cha 7 ni yule mdogo wa kahawia wa kwenye matete, naye hufika Tanzania. Cha 11 ni mwewe, na jamaa zake wa kutoka Urusi hupita juu ya vichwa vyetu kwa makundi.

Tatizo ni kwamba wakiwa huku wengi wao hawaimbi kwa nguvu. Kuimba ni kazi ya kule, wanakotafuta wenza na kulinda eneo. Huku wamekuja kula. Kwa hiyo Messiaen amewasikia kwa upande ambao mimi siwasikii, na mimi nawaona miezi ambayo yeye hakuwaona. Nikimpata mgeni wangu tena nitamwambia hivyo.

Halafu kuna jambo limeniuma. Vipande viwili kati ya 13 ni vya kipozamataza, wale wadogo wa kahawia wanaoimba wakiwa hewani. Sisi hapa kaskazini ya mlima Meru tunaye wetu ambaye hapatikani popote pengine duniani, wanamwita kwa jina la Beesley, na wamebaki wachache sana. Wageni wanatoka mbali kuja kumwangalia akitembea kwenye vumbi. Hakuna aliyemwandikia hata nota moja.

---

Prodyuza Ngarenaro

Mzee, heshima yako. Nimekaa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa nafanya utafiti, msinicheke.

Kwa shangazi yangu, mtaa wa Sakina, kuna huyo ndege. Nikaweka simu dirishani usiku, asubuhi nikachukua kipande na kukiingiza kwenye kompyuta. Nikapunguza mwendo nusu bila kurekebisha chochote: sauti ikashuka oktavu moja kamili, kama mzee alivyosema. Nikapunguza tena nusu, ikashuka ya pili. Aisee! Kile nilichokuwa nasikia kama mluzi mmoja kumbe ndani kuna vipande vidogo vidogo vyenye mapigo yake. Hiyo siyo 4/4, yale mapigo manne manne tuliyozoea. Nikajaribu kuweka ngoma chini yake, ngoma ikawa inamfukuza ndege na ndege anaikwepa. Mwishowe nikaizima ngoma.

Lakini kuna kitu sikielewi. Kwenye rekodi, ndege anajibu sauti yake mwenyewe. Kabla hajamaliza kipande, kipande kingine kinaingia juu yake. Ana makoo mawili?

Na pia nimesoma mtandaoni kwamba huyu Messiaen alitunga muziki gerezani kwa Wajerumani, akaupiga mbele ya wafungwa 5,000 kwenye theluji, selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ikiwa na nyuzi tatu tu. Kama ni kweli, huo ni uzinduzi wa albamu mkali kuliko wote.

---

Dereva wa Usa

Prodyuza, hao ni wawili. Dume na jike huimba kwa kupokezana, wanaungana kiasi kwamba ukisimama mbali unadhani ni mmoja. Ukitaka kuwatenganisha simama katikati yao, utasikia mmoja kulia na mwingine kushoto.

Mambo ya gerezani namwachia mzee.

---

Mzee wa Pedali

Gereza ni kweli. Ilikuwa kambi ya wafungwa wa vita, Stalag VIIIA, Görlitz. Eneo lenyewe leo liko upande wa Poland. Messiaen alikuwa askari wa huduma ya tiba, akakamatwa mwaka 1940 Ufaransa iliposhindwa. Kambini alikuwa pamoja na mpiga klarineti Henri Akoka, mpiga fidla Jean Le Boulaire na mpiga selo Étienne Pasquier. Ndiyo sababu ile kazi ina mchanganyiko ambao hakuna mtunzi angeuchagua akiwa amekaa vizuri nyumbani: klarineti, fidla, selo, piano. Aliandika kwa watu waliokuwapo. Mlinzi mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia karatasi na kalamu.

Ilipigwa tarehe 15 Januari 1941 kwenye banda la kambi, baridi kali, wafungwa na maofisa wa Kijerumani wakiwa wamekaa. Inaitwa *Quatuor pour la fin du temps*, sehemu 8, na imetokana na Ufunuo sura ya 10, pale malaika anapoapa kwamba wakati hautakuwapo tena.

Watu 5,000 na nyuzi tatu ni maneno ya Messiaen mwenyewe, aliyasimulia miaka ya baadaye. Pasquier, ambaye ndiye aliyeshika hiyo selo, alikanusha: nyuzi zilikuwa nne, zote. Na banda lile lingebeba mamia, si maelfu. Mimi namwamini mwenye selo. Hadithi haipungui chochote. Mamia ya watu wenye njaa kusikiliza muziki mgumu kwa karibu saa nzima kunatosha.

Na hata humo kambini ndege walikuwamo. Sehemu ya kwanza klarineti na fidla zinaimba ndege wawili wa alfajiri. Sehemu ya tatu, *Abîme des oiseaux*, ni klarineti peke yake, imeandikwa kwa ajili ya Akoka. Kuna mahali nota moja inaanza karibu na kimya kabisa na kukua mpaka inajaza chumba. Dereva, wewe uliyesema ndege wako anaanzia chini akapanda, kasikilize hapo. Piano haiwezi, maana ukishabonyeza sauti inaanza kufa. Klarineti inaweza.

Kwa hiyo utaratibu wangu kwa anayeanza ni huo: *Abîme* kwanza. Kisha *Le Loriot*. Kisha mrudie kurumbiza. Ile ya kwenye matete ina nusu saa, inafuata saa 27 za siku na usiku bwawani pamoja na vyura wake. Hiyo ngoja kwanza. Na opera yake ya Mtakatifu Fransisko, iliyoonyeshwa Paris 1983, msiiguse mpaka mtakapokuwa tayari. Ni karibu saa nne, na mahubiri kwa ndege peke yake yanakaribia dakika 45. Kwa ajili yake alikwenda hadi New Caledonia kuandika ndege wa huko. Wapo wanafunzi wake waliokuja kuwa wakubwa, Boulez, Stockhausen, Xenakis, wala hao watatu hawakumfuata kwenye ndege. Boulez hasa hakuwa na subira na baadhi ya kazi zake.

Ninapotofautiana naye ni kwenye urefu. Ndege anajua kunyamaza. Messiaen akipenda kitu anakirudia, na akikipenda sana anakirudia na kengele juu yake. Nimewahi kupiga kipande chake kimoja kifupi baada ya ibada, watu wakitoka. Mama mmoja aliniuliza kama kinanda kimeharibika.

---

Prodyuza Ngarenaro

Hahaha, huyo mama ni mimi.

Mzee, Jumamosi nina safari ya Moshi. Naomba nije kanisani na kinasa changu, unipigie ile ngazi ya sauti 8 taratibu, sehemu zote 3. Nataka niiweke chini ya rekodi ya Sakina nione kama ndege ataikubali.

---

Mzee wa Pedali

Njoo baada ya saa kumi, kwaya ikishamaliza mazoezi. Njoo na waya mrefu, soketi iko mbali na kinanda. Na umeme ukikatika utasubiri, maana mimi sipigi kinanda cha jenereta.

---

Binti Shanty

Na mimi nije? Darubini bado sijapata lakini masikio ninayo.

---

Dereva wa Usa

Binti, nitumie ujumbe, nina ya zamani ya 8x42, kioo kimoja kina mkwaruzo kidogo.